Mwongozo kamili: kuongoza ndoa ndogo ya familia ufukweni Mwanza, watu wasikie kiapo na karatasi zikae sawa

Jamani, simu ninazopigiwa ni zile zile. Mtu ameombwa na familia aongoze ndoa ya mdogo wake au ya binamu, watu 30 au 40, ufukweni, anasema ndio kwa furaha halafu siku yenyewe mambo mawili yanaharibika: hakuna aliyesikia maharusi wamesema nini, na baada ya miezi kadhaa wanaenda kuomba viza au kumkatia mtoto bima wanaambiwa leteni cheti cha ndoa, cheti hakipo.

Nimeongoza hizi shughuli mara kadhaa, Luchelele, Igombe na kwenye ufukwe wa familia moja huko Kayenze. Mimi si mchungaji wala msajili, ni mjomba tu ambaye familia inamwamini na sauti yake inafika. Ya kwanza nilifanya saa 9 mchana, upepo wa ziwa ukiwa umechachamaa, na ilipoisha mama wa bibi harusi akanishika mkono akaniuliza taratibu, "Baba, mwanangu kasema nini pale?" Alikuwa mstari wa tatu tu, na hakusikia neno hata moja. Alimzaa, akamlea, akamsomesha, siku anatoa neno lake la ndoa mama anaona midomo inacheza. Sikulala vizuri usiku ule, na tangu siku hiyo kila ninachopanga kinaanzia kwa yule mama.

## Andaa hivi vitu kabla ya yote

- Mkeka mpana wa ukili, wa kusimama maharusi na wewe. Usiukose, nitaeleza kwanini.
- Maneno ya shughuli nzima kwenye karatasi ngumu au daftari dogo lenye jalada gumu. Karatasi laini za kuprinti upepo unazichukua, na simu juani kioo hakisomeki.
- Maiki ya mkononi yenye sponji nene, na spika ya kuchaji ambayo umeijaribu mwenyewe. Jenereta likiwepo likae mbali, upande ambao upepo unaelekea.
- Faili la plastiki la kufunga kwa zipu, la karatasi za ndoa. Kalamu tatu za wino mweusi, na ubao mgumu wa kuandikia.
- Mawe manne ya ukubwa wa ngumi. Mwanza mawe hayakosekani, ila yaoshe na uyakaushe kabla.
- Pete ndani ya kimfuko cha kufunga kwa kamba, anakaa nacho mpambe mmoja anayejulikana kwa jina.
- Mbao nyembamba au vipande vya playwudi vya kuweka chini ya viti vya wazee.
- Maji ya kunywa, miavuli mikubwa miwili, vitenge vya akiba.

Maua, mapambo na keki wapo watu wa kamati wanaoyaweza kuliko mimi, sitayagusa.

## Hatua ya 1: Jua kwanza kama unafungisha au unaongoza

Hapa ndo wengi wanaanguka. Watu wanaangalia video za Marekani, rafiki wa bwana harusi amejisajili kwenye intaneti na anafungisha ndoa ufukweni, na kule majimbo mengi yanakubali. Huku kwetu Tanzania haiko hivyo. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 anayefungisha ni msajili wa serikali au kiongozi wa dini mwenye leseni ya kufungisha ndoa, na ndoa ya kimila nayo ina utaratibu wake wa kusajiliwa. Rafiki, mjomba, MC, hata mwalimu mkuu mstaafu anayeheshimika mtaa mzima, sheria haimtambui.

Kwahiyo kuna njia mbili.

Njia ya kwanza, una leseni au mnaye mchungaji au sheikh mwenye leseni na amekubali kuja ufukweni. Muulize mapema kama taratibu za dini yake zinaruhusu. Kwa Wakatoliki kwa mfano, ndoa kawaida inafungwa kanisani, na mahali pengine mpaka kibali kutoka kwa askofu, sasa usije ukamwahidi mama mkwe kuwa paroko atakuja Igombe. Kwa Waislamu ndoa inasimama na walii, mashahidi wawili, mahari, na ijabu na kabuli. Mara nyingi bibi harusi hata hakai pale walipokaa wanaume, kwahiyo mpangilio ninaoueleza huko chini haukuhusu wote, msikilize sheikh.

Njia ya pili, ambayo ndo tunaitumia zaidi kwenye familia yetu: maharusi wanafunga ndoa ya kiserikali kwanza ofisi ya Mkuu wa Wilaya, wanasaini, wanapata karatasi zao, halafu siku hiyo hiyo au kesho yake mnakuja ufukweni na wewe unaongoza shughuli ya familia: viapo mbele ya wazazi, pete, baraka za wazee. Haipunguzi uzito wowote. Kama mnatamani msajili mwenyewe aje ufukweni nendeni ofisini mkaombe mapema, msipange kwa kudhani.

Imekaa sawa pale maharusi wote wawili wanapoweza kukujibu bila kusita: ndoa yetu kisheria inafungwa na fulani, tarehe fulani, mahali fulani.

## Hatua ya 2: Karatasi, anza angalau miezi miwili kabla

Sheria inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku zisizopungua 21 kabla. Zile siku ni za tangazo, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Watu wanakuja Mwanza kutoka Dar au nje ya nchi wiki moja kabla ya harusi, kadi zimeshagawiwa, ndo wanaanza kuulizia. Miezi miwili inakupa nafasi ya kurekebisha jina lililokosewa kwenye cheti cha kuzaliwa, na hilo linatokea mno.

Jiji la Mwanza lina wilaya mbili, Nyamagana na Ilemela. Luchelele iko Nyamagana, Igombe na Kayenze ziko Ilemela. Usimpeleke mtu ofisi siyo.

Andaeni vitambulisho vya taifa (NIDA), vyeti vya kuzaliwa, picha ndogo, majina kamili ya wazazi wa pande zote mbili. Aliyewahi kuoa au kuolewa awe na hati ya talaka ya mahakama, mjane awe na cheti cha kifo. Ofisi ikitaka kingine watawaambia, andikeni pale pale msitegemee kumbukumbu. Maharusi wazungumze pia mapema kama ndoa yao ni ya mke mmoja au inaruhusu wake wengi, maana swali hilo litaulizwa. Nilishuhudia binti analisikia kwa mara ya kwanza mbele ya meza ya ofisi, akageuka kumtazama mwenzake, ukimya ule ulikuwa mzito.

Mashahidi ni wawili angalau, wenye miaka 18 au zaidi, akili timamu, hawajalewa, na wanaelewa lugha inayotumika. Hilo la kulewa silisemi kwa utani. Shahidi aliyeanza vinywaji saa 4 asubuhi atakuharibia, chagua mama mkubwa au baba mdogo ambaye unajua anatulia.

## Hatua ya 3: Nenda ukaone ufukwe kwa miguu yako

Picha za intaneti zinadanganya. Ziwa Victoria lilipanda mpaka viwango vya rekodi mwaka 2020 na tena 2024, fukwe nyingi zilimezwa, na mchanga unaouona kwenye picha ya 2018 unaweza kukuta leo ni matete na maji ya magoti. Nenda wiki mbili kabla, saa ile ile ya shughuli, kisha rudi siku moja kabla.

Angalia haya:

Magugu maji. Yanatembea na upepo. Alhamisi ufukwe msafi, Jumamosi zulia la kijani mpaka ukingoni. Uwe na eneo la pili mkononi, au kijana wa hapo wa kuyaondoa asubuhi kwa malipo mliyokubaliana.

Kina kifupi na majani. Hapa ndo kwenye konokono wanaobeba kichocho. Mpiga picha atawaambia maharusi waingie maji ya kifundo cha mguu, gauni lielee kidogo, picha itoke tamu. Kataa. Kichocho kinaingia kwa ngozi kugusa maji tu, si lazima unywe, na ukanda wetu huu wa ziwa umeathirika sana. Picha nzuri zinatoka kwenye mwamba mkavu, na miamba tunayo ya kutosha. Aliyekwisha kuingia akapime baada ya wiki sita au nane hivi, dawa ipo.

Mamba na viboko. Uliza wavuvi wa hapo hapo, wao ndo wanajua, na watoto wawe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu.

Ruhusa. Kama ni hoteli, malipo na muda viandikwe. Kama ni eneo la wazi, pita ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe na useme kuhusu muziki. Na wavuvi wanaoanika dagaa pale wapewe taarifa kwa heshima, wewe ndo mgeni kwao.

## Hatua ya 4: Chagua saa kwa kufuata upepo

Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa inapanda, na hewa ya baridi ya ziwani inavutwa kuja nchi kavu. Ndo maana asubuhi kumetulia, kuanzia saa sita hivi upepo unaingia, na saa 8 mpaka saa 10 unakuwa na nguvu. Kuanzia saa 11 jioni siku nyingi unalegea.

Kwahiyo saa zako ni mbili, saa 3 na nusu asubuhi, au saa 11 na robo jioni. Jua huku linazama karibu saa moja kasoro, na giza linaingia haraka, hivyo ukianza saa 12 jioni na wageni wakachelewa utasaini karatasi kwa tochi ya simu. Andika kwenye kadi saa 10 na nusu ili uanze 11 na robo, sote tunajuana. Wageni wa Sengerema sasa wanapita daraja la Kigongo–Busisi, kisingizio cha kivuko kimeisha.

Taa zikiwaka karibu na maji wadudu wa ziwani wanakuja kama moshi, wanaingia kwenye maiki, kwenye shela, mdomoni. Taa ya kwanza iwake shughuli ya kiapo ikiwa imeisha, na iwe mbali na watu.

Miezi ya kiangazi, Juni mpaka Septemba, ndo salama zaidi. Ukiwa kwenye masika au vuli uwe na turubai tayari limesimama, siyo limekunjwa kwenye gari.

## Hatua ya 5: Wapange watu ili sauti iende kwao

Hii ndo hatua ninayoipenda, na ndo inayokosewa kila mara.

Kanisani maharusi wanamtazama mchungaji, mgongo kwa watu, kuta zinarudisha sauti. Ufukweni hakuna kuta. Ukiwaweka hivyo hivyo maneno yao yanapotea ziwani.

Fanya hivi. Tandika mkeka hatua kama kumi na tano kutoka majini, mchanga mkavu. Wageni wakae nusu duara, mistari isizidi mitatu, wakitazama ziwa. Wewe simama mgongo ziwani. Maharusi wasimame mbele yako wakitazamana wao kwa wao, ubavu kwa wageni. Hapo upepo unaotoka ziwani unasukuma sauti kwenda kwa watu badala ya kuipokonya. Wakati wa kiapo, wewe piga hatua moja upande utoke katikati, watu waone nyuso zao.

Jioni, upande wa Luchelele na Malimbe ziwa liko magharibi, wageni watapigwa na jua machoni. Zungusha mkeka kidogo, jua liwaangukie shavuni. Usizungushe sana, upepo una umuhimu kuliko jua.

Wazazi wa pande zote mbili wakae mstari wa kwanza, viti vyao juu ya playwudi. Kiti cha plastiki mchangani kinazama mguu mmoja mmoja, na bibi wa miaka 80 akipinduka kiapo kinasahaulika.

Mkeka ni kwa ajili ya pete. Mikono inatetemeka, pete inadondoka, na mchanga wa ziwa unaimeza hapo hapo. Juu ya ukili inagonga, inazunguka, inalala unaiona. Imeshanitokea Kayenze. Pete ya bwana harusi ilidondoka ikatoa kale kasauti kadogo kwenye ukili, mpambe akaiokota, tukaendelea, na mstari wa nyuma hawakujua hata kama kuna kilichotokea.

Jaribio: mweke mtoto wa darasa la nne kwenye mkeka aseme jina lake na la shule yake kwa sauti ya kawaida kwenye maiki. Wewe kaa kiti cha mwisho kabisa nyuma. Hujasikia kila neno? Vuta viti mbele kwanza, kabla hujapandisha spika.

## Hatua ya 6: Maneno yenyewe, dakika 25 zinatosha

Andika kila kitu, hata salamu. Mtu anayejua kuongea ndo anayepotea zaidi ufukweni, maana mawimbi na watoto vinamtoa kwenye mstari. Mpangilio wangu uko hivi:

Kuita familia. "Familia ya bwana harusi mpo?" Wanajibu "Tupo!" "Familia ya bibi harusi mpo?" "Tupo!" Hapo hapo unajua kama spika inafika, na watu wanaweka simu chini kidogo.

Kuweka wazi. Kama ndoa imeshafungwa kwa msajili, sema waziwazi: "Ndugu hawa wamefunga ndoa yao mbele ya msajili tarehe fulani. Leo wanatupa sisi familia neno lao." Usiseme "kwa mamlaka niliyopewa", hujapewa. Wazee wanaheshimu ukweli huo kuliko maneno makubwa.

Kuuliza ridhaa. Muulize kila mmoja kwa jina, akiwa na maiki mdomoni: "Unakuja hapa kwa hiari yako, bila kulazimishwa na mtu?" Subiri jibu. Usilijaze wewe, hata kama ukimya umekuwa mrefu. Ndoa bila ridhaa ya hiari si ndoa, na mbele ya familia hili swali lina kazi yake.

Kiapo. Kikate vipande visivyozidi maneno matatu, unasema, anarudia:

"Mimi (jina) / nakupokea wewe (jina) / uwe mke wangu. / Nitakutunza / ukiwa mzima / na ukiwa mgonjwa, / tukiwa nacho / na tukikosa. / Familia zetu / zimenisikia."

Ukitoa sentensi ndefu atasahau nusu, ataona aibu, ataanza kunong'ona. Wimbi likipiga kwa nguvu, subiri lirudi, ndo utoe kipande kinachofuata. Na maiki uishike wewe, ukiikinga upepo kwa mwili wako, karibu na kidevu chao. Usimwachie bwana harusi, ataishusha tumboni.

Pete. Mpambe anapiga magoti kwenye mkeka, anafungua kimfuko akiwa chini, karibu na ukili. Ikigoma kuingia kidoleni isisukumwe, joto linavimbisha vidole, ikaishie kwenye fundo mpaka jioni.

Baraka za wazee. Mzazi mmoja kila upande, dakika mbili. Mwambie siku moja kabla, na umwombe kwa adabu: "Mzee, maneno yako tunayataka, ila jua linatuwahi." Hotuba nyingine zote zihamie kwenye chakula. MC naye mkubaliane mapema kwamba hagusi maiki mpaka umpe wewe.

Halafu vigelegele. Mambo ya kucheza muziki yaje baada ya hatua inayofuata.

## Hatua ya 7: Kusaini, kama anayefungisha yupo pale

Kama ni njia ya kwanza, cheti kinajazwa na kusainiwa pale pale na wanandoa, mashahidi wawili na mfungishaji. Usisubiri baada ya chakula. Mmoja anaenda kubadili nguo, shahidi anapeleka wageni stendi, na watu hawakutani tena.

Meza iwe nyuma ya turubai au gari, upepo usiingie. Cheti juu ya ubao mgumu, jiwe kila kona. Mawe yawe makavu kabisa, nimeona duara la maji likitoa wino kwenye jina la bibi harusi, ilibidi kuanza upya. Kabla ya kalamu kugusa, kila mtu asome jina lake herufi kwa herufi alinganishe na kitambulisho. Kosa la herufi moja leo ni safari za ofisini mwakani.

Imekamilika ukihesabu saini tano na tarehe, na hakuna nafasi tupu.

## Hatua ya 8: Kabla hujaondoka ufukweni

Piga picha karatasi zote, ziingize kwenye faili, funga zipu, mkabidhi mtu mmoja mwenye jina, ambaye hanywi siku hiyo na hasafiri kesho yake. Mfungishaji anabaki na nakala zake za kupeleka kwa msajili, mwulize mbele ya bwana harusi atazipeleka lini, na iandikwe kwenye simu ya bwana harusi kama ukumbusho.

Kusanyeni plastiki na maua ya bandia, yakichukuliwa na maji usiku yataenda kwenye nyavu za watu.

Na mimi huwa nafanya kitu kimoja zaidi. Napita mstari wa nyuma, namtafuta mama au bibi aliyekaa mbali kuliko wote, namuuliza mtoto amesema nini. Mara ya mwisho Igombe bibi mmoja alinirudishia kiapo chote, kipande kwa kipande, mpaka "tukiwa nacho na tukikosa", halafu akaniuliza kama hiyo karatasi ngumu ninaweza kumwachia.

Nilimwachia. Kwahiyo andika nakala mbili.